Majira, Nahodha na Tawakali

Mtu anayepanga safari ndefu ya chombo cha tanga kwa kufuata majira, akakataa kung'oa nanga kabla ya mwezi fulani kuingia na akakataa vilevile kubaki bandarini baada ya mwezi mwingine kupita, anamtegemea nani: Mungu aliyeumba upepo, au upepo wenyewe? Swali hili limewashughulisha wanazuoni wa Kiislamu na wa Kikristo kwa karne nyingi, na katika pwani ya Afrika Mashariki, ambako maisha ya miji mizima yalipimwa kwa pepo mbili za mwaka, lilikuwa swali la kila siku kabla halijawa la vitabuni. Jibu jepesi husema kwamba anavitegemea vyote viwili. Jibu hilo halitoshi, kwa maana halielezi utegemezi wa kwanza unakaaje pamoja na wa pili ndani ya moyo mmoja, wala halisemi ni lini kungoja kunakuwa ibada na ni lini kunakuwa woga au uvivu uliojificha nyuma ya jina la Mungu.

Kata ya Nkowe, katika wilaya ya Ruangwa, mkoa wa Lindi, iko bara, na mtu anaweza kudhani kwamba mjadala wa manahodha hauwahusu watu wake, ambao wengi ni wakulima na ambao misikiti na makanisa yao hujaa watu wanaoishi kwa jembe. Dhana hiyo huondoka mara mtu anapoziangalia pepo zenyewe. Kaskazi, yaani upepo utokao kaskazini-mashariki, huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Kusi, utokao kusini na kusini-mashariki, hushika kuanzia Aprili na kuendelea hadi karibu na Oktoba, ukiwa na nguvu zaidi katika miezi ya katikati, Juni hadi Agosti. Kati ya pepo hizi mbili kuna vipindi vya mpito ambavyo mabaharia huviita tanga mbili au maleleji, wakati upepo haujaamua utokako na chombo huweza kulala siku nyingi bila kusogea. Mabadiliko hayohayo ya anga yanayoleta kaskazi baharini ndiyo yanayosukuma ukanda wa mvua kuelekea kusini, na kwa hiyo nyanda za Ruangwa na Nachingwea, tofauti na pwani ya kaskazini yenye vuli na masika, hupata msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Kusi inaposhika, mvua hukatika, ufuta hukauka na kuvunwa, njia huanza kupitika, na baadaye, tangu Septemba, korosho huanza kudondoka. Mkulima wa Nkowe anayetazama mawingu mwezi Novemba na nahodha wa Sur au Kuwait aliyekuwa akitazama tanga lake mwezi huohuo walikuwa wanasoma maandishi ya mkono mmoja.

Uhusiano huo haukuwa wa anga tu. Katika karne ya 19, misafara ya Wayao na watu wengine wa kusini ilishuka kutoka upande wa Ziwa Nyasa hadi Kilwa Kivinje, Lindi na Mikindani ikibeba pembe za ndovu, nta na, kwa aibu ya zama zile, watu waliotekwa. Misafara hii ilipendelea kiangazi, wakati mito kama Mbwemkuru na Lukuledi inavukika kwa miguu, ilhali vyombo vya Uarabuni na Uhindi vilifika pwani kwa kaskazi, katika miezi ambayo njia za bara zilikuwa matope. Ina maana kwamba wakati wa bara na wakati wa bahari havikulingana hata siku moja. Mzigo ulioteremka mwezi Agosti ulikaa ghalani ukingoja chombo cha Januari, na kitambaa kilichoshushwa Januari kilingoja msafara uondokao baada ya mvua. Biashara nzima ilikuwa mnyororo wa watu wanaongojana, na aliyeufanya mnyororo huo usikatike alikuwa mkopeshaji aliyetoa mali leo kwa ahadi ya kulipwa msimu ujao, au hata misimu kadhaa baadaye.

Safari moja iliyoandikwa kwa kina inaonyesha jinsi kungoja huko kulivyokuwa. Mwishoni mwa mwaka 1938 baharia na mwandishi wa Australia, Alan Villiers, alipanda huko Aden jahazi kubwa la Kuwait lililoongozwa na nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, likateremka kwa kaskazi kwenye mwambao wa Afrika hadi Zanzibar, kisha likaingia katika delta ya Rufiji kupakia boriti, yaani miti ya mikoko ambayo kwa vizazi vingi ilitumika kuezekea nyumba za Ghuba zisizo na msitu wa karibu. Delta ya Rufiji ni nchi ya mifereji. Mto hugawanyika katika matawi mengi, kama Simba Uranga na Msala, na kati ya matawi hayo kuna vijito vyembamba vinavyopinda ndani ya mikoko, vingine vikiwa na maji ya kutosha wakati wa kujaa na kubaki tope tupu wakati wa kupwa. Chombo kikubwa hakiingii humo kwa kutaka. Huingia kwa bamvua, yaani maji makubwa yanayokuja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ambapo tofauti kati ya kujaa na kupwa katika mwambao huu hupita mita 3. Na kikikosea siku chache, maji mafu ya kati ya mwezi hukiacha kimekaa juu ya matope hadi bamvua lingine. Mabaharia walikaa delta kwa majuma, wakitumbukia topeni hadi mapajani, wakibeba boriti hadi kwenye mashua kabla maji hayajapwa, na huku nahodha akihesabu hesabu ya pili iliyo kubwa kuliko ya kwanza: kusi ilikuwa inakaribia, na chombo kilipaswa kutoka mapema kiasi cha kuutumia mwanzo wake wa upole kuelekea kaskazini kabla haujawa mkali na kuzifanya bandari za ng'ambo zisiingilike. Jahazi lile lilifika Kuwait mwezi Juni 1939.

Saa mbili, basi, zilikuwa zinafanya kazi ndani ya kichwa kimoja. Bamvua hufuata mwezi, na pepo hufuata jua. Kalenda ya Hijria, ambayo Mwislamu hufunga na kuhiji kwayo, ni ya mwezi na ina siku 354 au 355, hivyo Ramadhani husogea nyuma takriban siku 11 kila mwaka na huweza kuangukia kaskazi katika muongo mmoja na kusi katika mwingine. Nahodha asingeweza kuipangia safari yake kwa kalenda hiyo peke yake. Ndiyo maana Waswahili walihifadhi pia mwaka wa jua wa siku 365, unaoanza siku ya Nairuzi, ambayo hadi leo husherehekewa Makunduchi, Unguja, katika Mwaka Kogwa wa mwezi Julai. Mwaka huo huhesabiwa kwa makundi ya siku kumi kumi yanayoitwa miongo, na wazee wa bahari walijua ni katika mwongo wa ngapi kusi hulegea na katika upi kaskazi hupevuka. Jambo la kutazamwa hapa ni kwamba mtu mmoja aliishi ndani ya kalenda zote mbili pasipo kuona kwamba moja inaitukana nyingine. Mwezi ulimwambia wakati wa kusimama mbele ya Mola wake, jua likamwambia wakati wa kutweka tanga, na aliamini kwamba aliyeviumba vyote viwili ni mmoja.

Mwanazuoni aliyeliendea swali hili kwa ujasiri zaidi ni Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ambaye kitabu chake kikubwa cha kuhuisha elimu za dini kinajulikana na kufundishwa na mashehe wa mwambao. Katika sehemu inayohusu tauhidi na tawakali (tauhidi ikiwa ni kumpwekesha Mungu, na tawakali ikiwa ni kumwachia yeye mambo kwa moyo uliotulia) anataja mifano miwili akiiweka ubavuni: yule anayeitegemea mvua kwa kuota mazao yake, na yule anayeutegemea upepo kwa kwenda sawa kwa merikebu yake. Utegemezi huo, kama ukiishia kwenye mvua na upepo, anauita ushirikina. Anakumbusha habari iliyomo katika Sura ya Al-Ankabut kuhusu watu wanaomwomba Mungu kwa moyo safi wanapokuwa chomboni, kisha wakishafika nchi kavu wanamsahau, na anaeleza kwamba usahaulifu huo ni pamoja na kusema kuwa lau upepo usingekuwa mwema wasingeokoka. Mtu wa namna hiyo, kwa mfano wake, ni kama mfungwa aliyehukumiwa kufa, akaandikiwa msamaha na mfalme, kisha akaanza kuishukuru kalamu na wino.

Ni jambo zito kwamba Ghazali aliwataja mkulima na baharia katika pumzi moja, kwa kuwa watu wa Nkowe na watu wa Kilwa Kivinje wamo wote ndani ya sentensi hiyo. Msomaji wa haraka angeweza kuondoka hapo na hitimisho la hatari, kwamba kama upepo ni kalamu tu, basi nahodha mwenye imani kamili angeng'oa nanga siku yoyote. Ghazali mwenyewe anaufunga mlango huo. Anazigawa sababu, yaani njia ambazo Mungu kwa desturi yake hupitishia mambo, katika daraja tatu: zile za yakini, kama kuunyosha mkono kwenye chakula kilichowekwa mbele, zile za dhana yenye nguvu, kama kubeba masurufu kabla ya kuvuka jangwa, na zile za kuwaziwa tu, zisizo na msingi wa kutegemewa. Kuacha za kwanza hakuitwi tawakali bali wazimu, kuzitumia za pili hakuvunji tawakali ya mtu, na kuzikimbilia za tatu ndiko kunakoonyesha moyo uliokosa utulivu. Majira ya pepo yako katika daraja la pili. Si yakini, kwani kusi huweza kuchelewa na kaskazi ikalegea kabla ya wakati, lakini yana nguvu ya desturi iliyoshuhudiwa kizazi baada ya kizazi, na katika itikadi ya Ash'ari, ambayo Ghazali aliitetea na ambayo imeenea miongoni mwa Waislamu wa Kishafii wa mwambao, kurudi kwa majira ni desturi ya Mungu anayeidumisha kwa hiari yake. Mwenye kuichunguza desturi hiyo na kuifuata anafanya jambo lililo karibu na utii kuliko na majivuno.

Mapokeo ya Kikristo yana safari yake inayofundisha karibu jambo hilohilo, na Wakristo wa Ruangwa na Nachingwea, ambako kanisa Katoliki lilikuwa na jimbo lililoitwa Nachingwea tangu 1963 kabla ya kuitwa Lindi mwaka 1986, wanaisikia ikisomwa kanisani. Sura ya 27 ya Matendo ya Mitume inaeleza jinsi Paulo, akiwa mfungwa anayepelekwa Roma, alivyowaonya wenye meli huko Krete, kwa kuwa siku ya kufunga ya Wayahudi ilikuwa imekwisha kupita, maana yake majira ya kusafiri salama katika Bahari ya Kati yalikuwa yamefungwa. Akida aliwasikiliza rubani na mwenye meli kuliko yeye. Kilichowaponza kilikuwa upepo mwanana wa kusini uliovuma kidogo, wakaona wamepata walichokitaka. Kisha ikaja tufani kutoka upande wa nchi kavu, na watu 276 wakapoteza meli na shehena huko Malta, wasiondoke hapo ila baada ya miezi mitatu. Katikati ya tufani Paulo anawaambia kwamba amepewa ahadi na malaika, hakuna hata mmoja atakayepotea, na bado, mabaharia walipojaribu kutoroka na mashua, anamwambia akida kwamba hao wasipobaki chomboni wengine hawataweza kuokoka. Wafafanuzi wengi wameihangaikia sehemu hiyo, kwa kuwa ahadi ya Mungu inaonekana kufungwa kwenye mikono ya mabaharia wenye hofu. Ugumu huo hupungua mtu akikubali kwamba ahadi na njia ya kuitimiza vilitolewa pamoja, na kwamba anayeikataa njia hana haki ya kudai ahadi.

Hata hivyo kungoja nako kuna maradhi yake. Kitabu cha Mhubiri, ambacho watu hukitaja sana kwa maneno yake kuhusu kila jambo kuwa na wakati wake, kina pia, katika sura ya 11, onyo dhidi ya mkulima anayeuchunguza upepo hata asipande na kuyatazama mawingu hata asivune. Mambo hayo mawili hayapaswi kusomwa mbalimbali. Palipo na majira pana pia mwisho wa majira, na nahodha aliyekawia Rufiji akitafuta boriti mia moja zaidi alikuwa amekosea sawa na yule aliyetoka mapema. Tofauti ni kwamba wa kwanza angeweza kuliita kosa lake subira. Katika uandishi wa dini subira husifiwa kwa wepesi mno, kana kwamba kila anayekaa kimya amefanya ibada. Subira ya kweli ya baharia ilikuwa na kazi ndani yake. Wakati chombo kilipongoja, kilipandishwa ufukoni kwa bamvua, kikalazwa ubavu, mapengo ya mbao yakatiwa kalafati ya pamba iliyolowekwa mafuta, na tumbo la chombo likapakwa deheni, ambayo ni mchanganyiko wa mafuta ya mnyama na chokaa, kwa mikono mitupu, ili wadudu watoboao mbao wasiingie. Matanga yakashonwa, kamba zikasokotwa, maji yakajazwa mapipani. Kwa hakika haikuwezekana kujua kwa kumwangalia mtu kama anangoja kwa tawakali au kwa uvivu, ila kwa kukiangalia chombo chake siku upepo ulipobadilika.

Hapa inafaa kuileta hoja ya John Mbiti, kasisi wa Kianglikana na mwanafalsafa wa Kenya, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika alitumia maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, kueleza kwamba kwa Mwafrika wa jadi wakati ni mfululizo wa matukio, una yaliyopita marefu na yaliyopo, lakini hauna yajayo ya mbali. Mbiti hakuwa na maoni mepesi kiasi ambacho baadhi ya wapinzani wake walidai. Alikubali kwamba mambo yanayofuata mwendo wa maumbile, kama kurudi kwa mvua na mavuno, yanahesabika kuwa wakati unaotarajiwa. Kwa mtazamo huo angeweza kusema kwamba nahodha anayengoja kusi hangoji wakati ujao, anangoja mzunguko ambao tayari anao mkononi. Hoja hiyo inakwama kwenye lile deni lililotajwa juu. Kurudi kwa upepo ni mwendo wa maumbile, lakini kurudi kwa mdaiwa ni ahadi, na ahadi inafungua wakati ambao maumbile hayana: wakati ambao mtu anaweza kutokea mwaminifu au kugeuka mwongo. Mfanyabiashara wa Lindi aliyeandika hesabu ya kulipwa baada ya misimu miwili alikuwa na wakati ujao kamili, wenye jina la mtu, kiasi cha mali na majira ya kurudi. Mwenye shamba la Nkowe anayeweka pembeni mbegu wakati watoto wanataka kula, naye anao. Inaelekea kwamba Mbiti, aliyewatazama zaidi watu wa bara, hakuipa bahari nafasi yake, na kwamba falsafa ya wakati ya watu wa ukanda huu ingefaa kuanzia kwenye neno la kukutana msimu ujao, ambalo Mwislamu hulitanguliza kwa inshallah na ambalo Waraka wa Yakobo, katika sura ya 4, unamtaka Mkristo alitangulize vivyo hivyo kwa kumtaja Bwana.

Jambo moja haliwezi kupitwa, nalo linaumiza. Elimu ya majira haikumtakasa aliyekuwa nayo. Mabanda ya Kilwa Kivinje yaliyowafungia watu waliotekwa kutoka bara yalifuata kalenda ileile ya pepo, na wale waliofungwa humo walingoja pia, kwa njia ambayo hakuna mwanazuoni yeyote anayeweza kuiita tawakali pasipo kuwakosea. Sheria yenyewe ya kupunguza uovu huo ilipitia kwenye majira: mwaka 1864 Sultani Majid wa Zanzibar alipiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari kuanzia Januari hadi mwisho wa Aprili, miezi ambayo vyombo vya kaskazini vilikuwa vimejaa pwani, na ni mwaka 1873 tu ambapo Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kuikomesha biashara hiyo baharini mwaka mzima. Kwa miaka tisa, basi, dhambi ileile ilikuwa haramu kwa kaskazi na halali kwa kusi. Anayesema kwamba kufuata wakati wa Mungu ni wema kwa nafsi yake alikumbuke jambo hilo. Majira humwambia mtu lini. Hayamwambii kwa nini wala kwa gharama ya nani, na maswali hayo mawili yana majibu yasiyobadilika kwa upepo.

Waliodharau majira nao wameacha ushahidi wao. Vasco da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, mwanzoni mwa kusi na akiwa na rubani aliyepatikana hapohapo, akaiona pwani ya Uhindi kwa muda usiofika mwezi mmoja. Aliporudi aling'oa nanga mwanzoni mwa Oktoba bila kungoja kaskazi ipevuke, na bahari ileile ikamchukua karibu miezi mitatu ya shwari na pepo za mbisho. Mabaharia takriban 30 walikufa kwa kiseyeye, na alipofika upande huu Januari 1499 aliichoma moto meli yake moja, São Rafael, kwa kukosa watu wa kuiendesha. Karibu na Nkowe kuna mfano wa nchi kavu. Mwaka 1946 ujumbe wa Uingereza ulizunguka Tanganyika kwa muda wa wiki tisa, na mwaka uliofuata ukaanza mpango mkubwa wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea, wenye matrekta, bandari mpya ya Mtwara na reli ya kuelekea Nachingwea, uliojengwa juu ya ratiba iliyopangwa London kabla mvua na udongo wa mahali havijajulikana vya kutosha. Uliachwa mwaka 1951, na reli ikafungwa mwaka 1962. Wakulima wa eneo hilo, ambao walikuwa wamepanda karanga zao kwa miaka mingi kwa kufuata mvua, hawakuulizwa.

Meli za mvuke, hasa baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869, ziliwapa watu fursa ya kusafiri mwezi wowote, na leo korosho za Ruangwa zinazokwenda Mtwara na kupakiwa kuelekea Uhindi na Vietnam hazingoji upepo wa mtu. Lakini mti wenyewe unangoja. Na kwa wakati huu ambapo manahodha wachache waliobaki na wakulima wengi waliopo bado wanaishi kwa majira, desturi iliyotegemewa imeanza kutikisika. Kimbunga kilichoipiga Lindi tarehe 15 Aprili 1952 kilihesabiwa kwa miaka mingi kuwa jambo la nadra. Mwaka 2019 Kimbunga Kenneth kikaipiga Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, mwishoni mwa Aprili, na mwanzoni mwa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kikafika Mafia na mwambao wa Kilwa, mvua zake zikaikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi huko Somanga. Vyote vitatu vilikuja katika kipindi cha tanga mbili au pembeni mwake, ambacho mabaharia hawakukiamini tangu zamani. Kwa mizani ya Ghazali, sababu iliyokuwa na dhana yenye nguvu inaweza kupungua nguvu pale desturi inapobadilika, na anayeshikilia hesabu ya babu yake wakati dalili zinasema vingine ameanza kuitegemea hesabu yenyewe, yaani ameirudia kalamu na kumwacha mwandishi.

Kutokana na hayo, kutafuta dalili mpya ni wajibu wa kidini kwa yule ambaye maisha ya wengine yamo mikononi mwake, iwe ni nahodha, mzazi mwenye shamba au kiongozi wa kijiji. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa msimu wa mvua wa Novemba hadi Aprili kwa mikoa yenye msimu mmoja, ukiwemo Lindi, na hutoa pia tahadhari za upepo mkali na mawimbi kwa watumiaji wa bahari. Taarifa hizo zinafaa kusomwa na maimamu baada ya sala ya Ijumaa na makatekista na mapadri baada ya misa ya Jumapili, Nkowe na kila mahali ambapo watu wanaomba mvua, kwa sauti ileile inayotangaza mazishi na ndoa, na zisomwe mapema, kabla mbegu haijaingia ardhini na kabla chombo hakijatweka tanga.